Jiwe la Kufungia Vuti

Kila fundi ana mtu wa kumshikia kamba. Wa Apollinaire alikuwa mke wake, Agathe, na kazi hiyo aliianza kabla ya vita, walipokuwa bado vijana kando ya Ziwa Tanganyika. Apollinaire alikuwa akipigilia kigingi ardhini na kumwambia, "Shika hapa, usipumue," naye Agathe anachuchumaa, anakibana kigingi kwa viganja viwili, huku mume wake akizunguka na ncha ya pili ya kamba, kipande cha mkaa mkononi, akichora tao sakafuni kwa ukubwa wake kamili. Agathe hakusoma sana. Shule aliiacha alipojua kuandika jina lake na kujumlisha. Lakini alijua kwamba mkono wake ukisogea hata unene wa ukucha, tao litatoka na kitambi.

Kisha vita vikaja, ziwa likabaki nyuma, na wakapita nchi baada ya nchi mpaka wakafika Durban na mtoto wao mmoja, Serge, ambaye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Durban haikuwa na haja ya matao. Apollinaire alilinda malori kwenye yadi za Clairwood, na siku za mapumziko aliziba nyufa za kuta za watu. Agathe aliuza pondu, yaani kisamvu, na samaki wakavu kwenye soko la Warwick, jirani na akina mama wa dawa za mizizi, akasikia Kizulu mpaka kikamwingia. Serge kilimwingia zaidi. Alikisema kama aliyenyonya nacho, na watoto wenzake hawakumwuliza hata siku moja ametoka wapi.

Alipokuwa mtu mzima alihama nyumbani. Mwanzoni alisema ni kwa ajili ya kazi. Baadaye simu zikapungua. Ukaja ule mwezi wa nne wa mwaka 2015, maduka ya wageni yakavunjwa, na Agathe na mumewe wakakimbilia kwenye mahema pamoja na wengine. Serge hakuja kuwaona. Alipiga simu mara moja tu, akauliza, "Muko wazima?" Agathe akasema, "Tuko wazima, baba," na simu ikakatika. Tangu hapo Apollinaire hakulitaja tena jina la mwanawe wakati wa chakula, lakini kila mlango ulipogongwa aliinua kichwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Agathe alikiona kile kichwa kikiinuka, akakiona kikishuka, na chakula chake kikawa kama mchanga mdomoni.

Walipotoka kwenye mahema ndipo ikaja habari ya kikanisa. Padre Respicius, Mhaya kutoka Tanzania, alikuwa akiwasalisha Wakatoliki wa Kiswahili katika ukumbi wa zamani hapo Clairwood, malori yakipita nje hadi kikombe cha divai kinatetemeka altareni. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba cha kuta nne kisicho na paa. Padre alitaka kiwe kikanisa kidogo cha kusalia. Huko Morningside mama mmoja alikuwa anabomoa ukuta wa zamani wa bustani yake, akawapa mawe bure, sharti waje kuyachukua wenyewe.

Apollinaire alipoyaona yale mawe yakishushwa kwenye lori, aliligonga moja kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Akaligonga la pili. Agathe alimtazama akajua kwamba jambo limeanza.

"Bon," Apollinaire alisema. "Padre, hapa hatuweke mabati. Hapa tunaweka vuti."

"Vuti ndiyo nini, Papa?" Padre alimwuliza, akimwita kama Wakongo wanavyowaita wazee wao.

"Dari la mawe. Hakuna nguzo katikati, hakuna boriti. Kila jiwe linataka kushuka, na mwenzake anamuzibia njia."

"Na sisi tukae chini yake tukisali?"

"Mutasali vizuri zaidi," akasema Apollinaire, na watu wakacheka.

Padre hakuwa mjinga. Alimwita Omwenga, Mkenya aliyekuwa akifundisha uhandisi chuoni, mtu mrefu asiyekosa Misa wala mzaha. Omwenga alikizunguka chumba, akagusa kuta, akavuta midomo.

"Mzee, Kiswahili chako kina Kifaransa kingi kuliko mshahara wangu una makato," alisema, "lakini nimekuelewa. Shida ni moja. Vuti haishuki chini tu. Inasukuma nje. Hizi kuta zako zitatanuka kama miguu ya ng'ombe kwenye utelezi."

Apollinaire aliukuna utosi. "Ni kweli," akasema. "Kwetu kuta zilikuwa nene sana. Sikufikiria hizi ni nyembamba."

"Basi tujenge mategemeo nje, ya kuziegemeza kuta, kwenye pembe zote nne. Mzigo unatokea penye pembe, si ndiyo?"

"Penye pembe tu."

"Hapo umeongea." Wakapeana mikono, na tangu siku hiyo wakawa kama watu waliooa nyumba moja.

Walichora vuti kwenye sakafu ya ukumbi, viti vikiwa vimesukumwa ukutani. Agathe alishika kigingi. Apollinaire alipima kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, akaukunja urefu huo katikati, na nusu yake ikawa kamba. Kwa kamba hiyo alichora tao la mshazari, nusu duara kamili. Halafu, bila kuifupisha kamba wala kuiongeza, akakihamisha kigingi kwenye mstari wa ukuta, kupita katikati kidogo, akachora mkunjo mmoja. Akakihamisha upande wa pili, akachora mwingine. Mikunjo miwili ikakutana juu kwa ncha, kama viganja vya mtu anayesali.

Omwenga alipiga magoti akaitazama. "Ngoja. Kwa hiyo kamba ni ileile kwa matao yote?"

"Ileile. Kigingi ndicho kinahama."

"Na mkunjo ukiwa mmoja, ubao mmoja wa kupimia unachonga mawe yote. Na hizi ncha za pembeni zinakaribia kimo cha katikati."

"Katikati panazidi kidogo. Kama mugongo wa kobe."

"Wee! Wanafunzi wangu wangeiona hii wangeacha kunisumbua."

Agathe, bado amechuchumaa, alisema, "Mimi naweza kusimama sasa? Magoti yangu si ya mawe." Wakacheka wote watatu, na Apollinaire akamshika mkono kumwinua. Ilikuwa siku nyingi hajamshika hivyo.

Miezi ya baridi ilipita katika sauti ya tindo. Wanaume waliotoka kazini walichonga mawe kwa kufuata ule ubao, wanawake walichekecha mchanga na kuuchanganya na chokaa. Kwa mbao za paleti za kupakilia mizigo, zilizotupwa na maghala ya Clairwood, Apollinaire aliunda kofraji, yaani viunzi vya mbao vyenye umbo la matao, vya kuyabeba mawe mpaka yaweze kujibeba. Juu ya kofraji mbavu za mawe zilipanda kutoka pembe nne, jiwe kwa jiwe, upande huu na upande ule kwa usawa, zikikaribiana kama watu wanaotaka kunong'onezana. Zilipofika juu, zikabakiza uwazi mmoja katikati. Jiwe la uwazi huo lilikuwa tayari chini, limechongwa pande zake zote nne, na usoni lina msalaba mdogo.

Hapo Apollinaire akaweka tindo chini. Zikapita siku, hakuligusa.

"Papa, tunangoja nini?" Padre aliuliza.

Apollinaire akaeleza. Kwa mafundi wa baba yake, jiwe la kufungia huwekwa na mtoto wa kwanza wa fundi. Anapanda juu, anasimama kwenye mbavu za mawe mbele ya watu wote, na kuliweka kwa mikono yake. Ndipo watu wanajua kwamba fundi hakuiba chokaa wala hakuharakisha kazi, kwa maana amempandisha mwanawe mwenyewe. Yeye Apollinaire alimwekea baba yake. Sasa Serge atamwekea yeye.

"Na kama mtoto hawezi kuja?"

"Mutoto iko Durban hii hii, padre. Atashindwaje?"

"Nauliza tu."

"Kama mutoto amekufa," akasema, "mama yake ndiye anafunga. Huyo ameshalipa. Hakuna mwengine."

Agathe alikuwa akifagia vumbi la mawe pembeni. Alisikia, akaendelea kufagia mahali palepale palipokuwa pameshakuwa safi. Alikuwa ameelewa jambo ambalo mume wake hakulisema kwa mtu. Vuti ile haikuwa ya Padre Respicius wala ya Wakatoliki wa Clairwood. Apollinaire hakuwa na njia ya kumwita mwanawe. Hakujua kuomba, na kupiga simu kulimshinda kwa sababu ya kiburi cha mzazi. Alichojua ni kujenga, basi alijenga kitu ambacho bila Serge hakiwezi kukamilika.

Agathe ndiye aliyepiga simu. Serge alisema, "Sharp, mama, sawa. Nitakuja Jumapili." Jumapili ikafika, watu wakavaa, jiwe likafutwa vumbi, naye hakuja. Agathe akapiga tena. "Eish, mama, kazi ilinibana. Hii inayokuja." Nayo ikapita. Apollinaire alikaa mlangoni pa ukumbi na koti lake la Misa hadi malori ya jioni yakaanza kurudi yadini.

"Barabara ya kutoka kule iko na foleni," akasema.

"Iko na foleni," akajibu Agathe.

Mvua za kwanza zikaonja kazi yao. Walifunika mbavu kwa turubai, lakini upepo wa Durban una mikono mingi. Omwenga alikuja akapanda jukwaa, akashuka bila mzaha.

"Mzee, hizi mbao za paleti zinakunywa maji. Zimevimba upande wa bahari, zimeanza kuzinyanyua mbavu. Viungo vinafunguka. Na kila lori likipita, zinacheza. Ufunge wiki hii, uzito ukae mahali pake, au uzishushe kabla hazijamshukia mtu."

"Jumapili," akasema Apollinaire.

"Jumapili, basi. Mimi baada ya hapo siwezi kumruhusu mtu aingie humu. Unanielewa, mzee wangu?"

"Nakuelewa."

Agathe alikwenda saluni kwa Cathy, rafiki yake wa tangu Uvira kule ziwani, aliyekuwa akisuka nywele karibu na Warwick na kujua habari za mji mzima. Cathy alimwona tu akaacha kichana.

"Dada, kaa. Una sura ya mtu wa matanga."

"Nitafutie Serge anakaa wapi."

Cathy aliangalia pembeni. Agathe alimjua; Cathy haangalii pembeni bure. "Unajua tayari," akasema.

"Ninajua. Mke wake namsuka mimi. Iko mwanamke mzuri, Nokuthula, hana maringo. Wanakaa Morningside, kwenye zile fleti za geti la kijani. Nilimwona Serge akija kumchukua na gari. Alinipita kama nguzo ya umeme." Cathy akameza mate. "Mama Serge, kule hawamwite Serge. Wanamwita Sandile. Usiende."

"Mtoto akinyea kiganja, hukikati."

"Haya. Lakini mimi nimekwambia usiende."

Alikwenda. Alibeba beseni la pondu kichwani, kwa sababu mwanamke mwenye beseni haulizwi maswali mengi, akapanda kilima cha Morningside chini ya miti iliyomwaga maua ya zambarau. Kwenye geti la kijani alibonyeza kengele ya namba aliyopewa. Akashuka msichana mwenye uso wa duara, nywele zimesukwa kwa mkono ambao Agathe aliutambua, na tumbo la miezi ya mwisho.

Agathe hakuambiwa habari ya tumbo. Alishika chuma cha geti.

"Sawubona, mama," msichana alisema, na wakaendelea kwa Kizulu. "Unauza nini? Lo, jasho linakutoka. Ni jua hili. Ingia unywe maji kwanza."

"Namtafuta Sandile."

"Ni mume wangu, anarudi sasa hivi. Ingia, mama."

Akamkalisha jikoni, akampa maji, halafu akafungua friji. Alikuwa ni mtu asiyeweza kuona mgeni akakaa bila kitu mdomoni. "Utakula kidogo. Una bahati, kuna nyama ya mbuzi. Jumamosi tulikuwa na shughuli nyumbani kwa wazazi wangu, KwaMashu."

"Shughuli ya heri?"

"Ya wazee wa Sandile. Wazazi wake walikufa yeye akiwa mdogo, hata makaburi hajui yaliko. Baba yangu akasema haiwezekani mtoto azaliwe bila bibi yake kuambiwa. Basi tulimchinjia mbuzi mama yake, tukamwita, tukamwambia mjukuu anakuja." Akaweka sahani mezani. "Kula, mama."

Agathe aliitazama ile nyama. Msichana alikuwa amesimama anamngoja, mkono mgongoni kama wanavyosimama wajawazito, na tabasamu la kweli. Agathe akachukua kipande, akatafuna, akameza. Akachukua kingine.

"Alikuwa mtu wa namna gani, huyo mama yake?" aliuliza alipoweza kuuliza.

"Sandile hapendi kusema. Nikimbana sana anasema tu alikuwa haongei, lakini macho yake yanaona kila kitu. Halafu anatoka nje."

Mlango ukafunguliwa. Serge alikuwa na funguo za gari mkononi na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Aliiona kanga kwanza, halafu beseni, halafu uso. Damu ikamwondoka hadi midomoni. Nokuthula alikuwa anageuka kusema neno, na Agathe, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaa kimya, aliona kwamba mwanawe yuko ukingoni na ni yeye tu anayeweza kunyoosha mkono.

"Nimeleta majani uliyoagiza," alisema kwa Kizulu. "Nilipata shida kuona nyumba."

"Ah," akasema Serge. "Ah, ndiyo. Asante. Njoo, nitakusindikiza hadi getini."

Walishuka ngazi. Getini, chini ya mti, Kiswahili kilimtoka Serge kama maji yaliyokuwa yamezuiliwa.

"Mama, mwezi wa nne walipita hapa chini na marungu. Mlinzi wa geti hili, Mmalawi, walimpiga mbele yangu. Mimi nilisimama nao. Nilicheka nao, mama. Baba yake Nokuthula ni mtu mwema, lakini ndugu zake siwajui. Nikisema leo, kesho mtaa mzima unajua. Na yeye amebeba. Nitafanya nini?"

Agathe akamfuta jasho la kipaji cha uso kwa ncha ya kanga, kama alivyozoea. "Sikuja kukuhukumu. Baba yako amejenga vuti. Jiwe moja limebaki, na ni lako. Njoo Jumapili, uliweke, urudi."

"Kutakuwa na watu."

"Watu wa kanisa."

"Watapiga picha, mama. Watazitia Facebook usiku huohuo. Serge mtoto wa Papa Apollinaire, na sura yangu hapo." Akatikisa kichwa. "Mwambie baba amweke mtu mwingine."

"Unajua hatakubali. Unajua anayefunga ikiwa mtoto amekufa."

Alijua. Alikua akisikia habari za matao kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura. Aliinamisha kichwa, akazichezea funguo, na aliposema alisema polepole, bila kumtazama.

"Basi funga wewe, mama."

Agathe alidhani atalia, lakini kilio hakikuja. Alipandisha beseni tupu kichwani. "Mpe maji mengi ya kunywa," akasema. "Miguu yake imevimba." Akashuka kilima.

Nyumbani Apollinaire alimwuliza mahali alipokuwa. Akasema alipeleka pondu kwa mteja. Hakusema uongo, na hakulala.

Jumapili ukumbi ulijaa. Baada ya Misa wote wakajipanga kwenye kuta za kile chumba, na walioshindwa kuingia wakachungulia mlangoni. Apollinaire alikuwa na koti lake. Alitazama barabara mara ya mwisho, malori yakapita, akatazama saa ya Omwenga, halafu akamtazama mke wake, na midomo yake ikacheza bila sauti. Agathe akaelewa kwamba anamwomba. Mume wake alikuwa ameshakata tamaa, na sasa alitaka angalau kazi isife.

Wakamvutia jiwe juu kwa kapi. Agathe akapanda ngazi, akasimama kwenye jukwaa, uwazi ukiwa mbele yake na mbavu nne za mawe zikiuelekea kutoka pembe nne. Omwenga alikuwa upande wa pili akilishika jiwe lisiyumbe. "Pole pole, mama. Linashuka lenyewe. Wewe liongoze tu." Alikuwa ameshapaka chokaa kwenye kingo za uwazi. Jiwe lilikuwa baridi na laini. Lilichongwa vizuri sana. Chini, mama mmoja wa kwaya akaanza kusali sala ya marehemu, kwa nia njema tu, maana habari ya desturi ilikuwa imeenea. Wengine wakaipokea. "Umpe pumziko la milele, ee Bwana..."

Agathe akaondoa mikono.

"Nyamazeni!" alisema. Hawakuwahi kusikia sauti yake ikipanda. "Mnamwombea nani? Mwanangu hajafa."

Lori likapita nje, na chembe za chokaa zikadondoka sakafuni.

"Mama Serge," Padre Respicius alisema kutoka chini, kwa upole, "hakuna anayesema amekufa. Ni jiwe tu."

"Kama ni jiwe tu, padre, kwa nini mnasali sala ya marehemu?"

"Mwanamke huyu ataiangusha kazi ya watu!" mtu mmoja alisema mlangoni. "Miezi yote tumebeba mawe! Aliweke, atubu baadaye."

"Mama," Omwenga alimnong'oneza, "mvua itakuja leo. Ukikataa, hatuna lingine. Lazima tuzishushe."

"Nimesikia, mwanangu. Zishusheni."

Apollinaire alikuwa amesimama chini kabisa ya uwazi, uso ameuinua. Mwanga ulimwangukia kupitia pale pale palipokosa jiwe, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Umemuona," alisema.

"Nimemuona."

"Iko muzima?"

"Iko muzima."

"Atakuja?"

Agathe akatikisa kichwa. Habari ya jina, ya mbuzi, ya tumbo la msichana, alizimeza zote palepale juu ya jukwaa, na watu wote wakimtazama.

Apollinaire akavua kofia. Alikaa juu ya rundo la mawe yaliyobaki, mikono katikati ya magoti, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Mwishowe akasimama, akavua koti, akalitundika kwenye msumari.

"Bon," akasema. "Tushushe. Tuanzie juu. Moja huku, moja kule. Musizikimbize."

Watu wengi waliondoka, wengine wakinung'unika kwa sauti ya kusikika. Waliobaki walitengeneza mstari. Omwenga alizilegeza mbavu kwa tindo, na kwa kuwa chokaa ilikuwa haijakauka sana, mawe yaliachana bila kuvunjika, moja huku, moja kule, yakapita mkono kwa mkono hadi uani. Kofraji ikabaki peke yake hewani, mbao zake zimepinda, kama mifupa ya mnyama. Padre alikuwa ameshaanza kuzungumza na mtu kuhusu mabati.

Agathe alishuka, akaingia kwenye mstari. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya mwisho, karibu na mume wake, aliyekuwa akiyapanga mawe uani chini ya turubai. Akawa anampa, naye anapokea. Hawakutazamana. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye kreni za bandari, na matone ya kwanza yakaanza kupiga turubai.

Walipofika kwenye mawe ya chini, yale mazito, Apollinaire alipokea moja, akalikumbatia kifuani bila kuliweka.

"Amenenepa?" aliuliza.

"Amenenepa kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akaliweka jiwe mahali pake, akanyoosha mikono apewe lingine.